Mizani ya Fikra: Gogo, Shoka, Msumeno na Nyundo

Sisi tuliozoea kuhesabu mizani tunajua jambo moja ambalo wapimaji wa mambo mengine aghalabu hulisahau. Kabla ya kusema kwamba mshororo umepungua, sharti kwanza ujue mtungaji amekusudia bahari gani. Mtu atakayechukua kipimo cha mizani 16 akaupimia utenzi, ambao kila kipande chake kina mizani 8, ataona upungufu tangu ubeti wa kwanza hadi tamati. Hesabu yake itakuwa sahihi, na hukumu yake itakuwa batili.

Nimefundisha shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nimestaafu. Leo naomba niwasimulie, ndugu wasomaji, historia ya kipimo kingine, yaani kile cha kupima namna mwanafunzi anavyofikiri. Ni historia itakayotupeleka Asia ya Kati, Liberia, China na Zambia, kisha iturudishe Bagamoyo. Lakini kwangu mimi inaanzia katika swali moja nililolitunga kwa mkono wangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, sijamaliza hata miaka mitatu tangu nitoke chuo cha ualimu. Shule niliyopangiwa ilikuwa inataka kuwagawa wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mikondo mitatu kufuatana na uwezo wao. Kwa kuwa madaftari yangu ya saikolojia ya elimu yalikuwa bado mapya, nikapewa kazi ya kuandaa jaribio la kufikiri. Nikachora picha kwenye stensili, tukadurufu karatasi, na siku ya siku nikasimama mbele ya watoto. Kiingereza chao kilikuwa bado kichanga, hivyo nikatoa maelekezo kwa Kiswahili, na nikajiona mtu wa huruma kwa kufanya hivyo. Nikawaambia: “Katika kila mstari, zungushieni duara kitu kisichohusiana na vingine.”

Mstari wa tano ulikuwa na nyundo, msumeno, gogo na shoka. Jibu langu lilikuwa gogo, maana vitu vingine vyote ni zana. Binti mmoja akazungushia nyundo. Nikampa alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikaendelea na karatasi nyingine.

Matokeo yalipobandikwa, binti yule alinifuata hadi mlangoni mwa chumba cha walimu akiwa na karatasi yake mkononi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mwalimu, shoka linakata gogo, na msumeno unapasua gogo. Nyundo ndiyo haihusiani, maana msumari haupo.”

Nikamwambia akalisome swali vizuri. Naye akaitikia “Ndiyo, mwalimu,” akaondoka.

Alikwishalisoma vizuri, kunishinda mimi niliyelitunga. Kitenzi nilichokitumia kilikuwa “kuhusiana”. Kwa Kiswahili fasaha, vitu vinavyohusiana ni vile vyenye jambo baina yao, kama mke na mume, au jembe na shamba. Kama nilitaka vitu vilivyo vya aina moja, ningesema hivyo. Binti alijibu swali lililotoka kinywani mwangu, nami nikasahihisha swali lililobaki kichwani mwangu. Alikosa maswali mengine matatu kwa namna hiyohiyo, akapangiwa mkondo C. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa fizikia, na mwalimu huyo hakutosha kwa mikondo yote. Waliokuwa mkondo C walimaliza kidato cha nne bila kusoma somo hilo.

Gogo lile nilikutana nalo tena miaka zaidi ya kumi baadaye, katika kitabu cha mtumba nilichokinunua mjini. Ndipo nilipotambua kwamba picha zile nne hazikuzaliwa katika chuo chetu.

Mwanasaikolojia wa Kirusi, Alexander Luria, kwa ushauri wa mwenzake Lev Vygotsky, alifanya safari mbili za utafiti katika Asia ya Kati, mwaka 1931 na mwaka 1932, hasa katika vijiji vya Uzbekistan. Ulikuwa wakati wa misukosuko mikubwa. Mashamba ya wakulima yalikuwa yanaunganishwa kuwa mashamba ya pamoja, na madarasa ya kusoma na kuandika yalikuwa yanafunguliwa vijijini. Luria alitaka kujua kama mabadiliko hayo ya maisha yanabadilisha pia namna watu wanavyofikiri. Akawalinganisha wakulima wasiojua kusoma na wenzao waliokwisha kupata mafunzo, hata kama yalikuwa mafupi. Hakuwaweka mbele ya meza ya mtihani. Alikaa nao katika nyumba za chai, mazungumzo yakawa marefu, na maswali yake akayapenyeza humo.

Mojawapo ya maswali hayo lilikuwa la nyundo, msumeno, gogo na shoka. Wakulima wengi wasiosoma walikataa katakata kuliondoa gogo, kwa hoja kwamba bila gogo zana zile hazina kazi. Walipoambiwa kuwa yuko mtu aliyesema gogo halifanani na vitu vingine, mmoja wao alijibu kwamba huyo bwana huenda ana kuni tele nyumbani kwake. Nilicheka niliposoma hapo. Kisha nikamkumbuka binti wa mlangoni, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Luria aliwapa pia fumbo la mantiki. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba visiwa vya Novaya Zemlya viko kaskazini ya mbali. Akauliza dubu wa huko wana rangi gani. Waliokwenda shule walijibu mara moja kuwa ni weupe. Wakulima wasiosoma wakasema kwamba hawajui, kwamba wao wamewahi kuona dubu mweusi tu, kwamba kila nchi ina wanyama wake, na kwamba swali kama hilo aulizwe mtu aliyefika huko.

Luria alifasiri majibu hayo kuwa ni hatua. Kwa maoni yake, mtu asiyesoma hufikiri kwa kushikamana na mambo ya vitendo anayoyaishi, na shule ndiyo humpandisha hadi kwenye fikra dhahania. Huko kwao fasiri hiyo ilimletea matatizo, maana wakosoaji walimshutumu kwamba amewadhalilisha watu wa Asia ya Kati. Ripoti yake kamili ilichapishwa mwaka 1974, zaidi ya miaka arobaini baada ya safari zile. Miaka michache tu baadaye, pasipo jina la mwenyewe, picha zake zilikuwa zimekwisha kuingia katika madaftari yetu ya ualimu.

Hapa ndipo mpenzi wa fasihi simulizi anapoweza kumsaidia mwanasaikolojia. Nikisema “Kitendawili!” hadhira ikajibu “Tega!”, kisha nikasema nyumba yangu haina mlango, mtoto wa kwetu atajibu kuwa ni yai. Hataniuliza naingiaje, wala hatanipa pole kwa kudhulumiwa na fundi. Anajua kwamba katika mchezo huu neno “nyumba” limevuliwa nguo zake za kila siku. Akishindwa, atanipa mji, nami nitakitegua. Mgeni asiyeujua mchezo atataka kujua mlango umekwenda wapi, na hapo atakuwa ameuliza swali la mtu mwenye akili timamu.

Fumbo la dubu lina kanuni za mchezo vilevile. Msikilizaji anatakiwa ayaweke kando anayoyajua, ayakubali anayoambiwa, na atoe jibu kutoka katika maneno hayo peke yake. Shule hufundisha kanuni hiyo kila siku pasipo kuitaja. Mwalimu wa hisabati akisema Juma ana machungwa 12 na amegawa 5, mwanafunzi hamuulizi Juma huyo ni mtoto wa nani. Mwanasaikolojia wa Kimarekani, Sylvia Scribner, aliyefanya utafiti Afrika Magharibi, aliandika mwaka 1977 kwamba mafumbo ya mantiki ya namna hiyo yatazamwe kama utanzu wa lugha wenye muundo wake, ambao mtu hujifunza kwa kuutumia. Kwa maelezo yake, asiyesoma hujenga hoja vizuri tu. Tofauti ni kwamba huanzia katika yale anayoyajua mwenyewe.

Mtazameni tena mkulima wa Uzbekistan. Yeye anasema: mimi sisemi juu ya jambo nisiloliona; dubu wa huko sijawaona; kwa hiyo sisemi. Hiyo ni mantiki iliyokamilika, yenye misingi miwili na hitimisho. Tena inakubaliana na usemi wa mitaani kwetu kwamba akili za kuambiwa changanya na za kwako. Mpimaji alikuwa anataka akili za kuambiwa tupu, naye mkulima alikuwa anachanganya.

Ushahidi wa Liberia ndio ulionishtua zaidi. Kuanzia miaka ya 1960 Michael Cole, John Gay, Joseph Glick na Donald Sharp walifanya utafiti miongoni mwa Wakpelle, wakulima wa mpunga. Kazi ilianza na swali la walimu: kwa nini watoto wa Kikpelle wanapata shida katika hisabati ya kigeni? Katika kitabu cha mwaka 1967, Gay na Cole walionyesha kwamba watu wazima wa Kikpelle walikadiria idadi ya vikombe vya mchele vilivyomo ndani ya chombo vizuri kuliko Wamarekani. Akina sisi tuliokulia penye kibaba na pishi hatustaajabu. Mtu anayenunua na kuuza nafaka kila juma huwa na jicho la kipimo.

Baadaye wakulima hao walipewa vitu 20 wavipange katika makundi. Vilikuwamo vyakula, nguo, zana za kazi na vyombo vya jikoni, vitano vitano. Wakulima wakavipanga kwa jozi, kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa. Walipoulizwa sababu, walieleza kwamba hivyo ndivyo mwenye hekima anavyofanya. Glick amesimulia kwamba hatimaye mpimaji, aliyekwisha kukata tamaa, aliuliza mpumbavu angevipangaje. Papo hapo vikapangwa makundi manne, vyakula huku, nguo huku, zana huku, vyombo huku, sawasawa na jibu la mtihani.

Kwa hiyo Wakpelle walikuwa na njia zote mbili. Mtihani ulionyesha njia waliyoiona kuwa ya heshima kuitumia mbele ya mgeni, nao wapimaji wangeweza kuondoka wakiamini kwamba njia ya pili haimo kabisa vichwani mwao. Mimi kule shuleni niliondoka nikiamini hivyo. Ingetosha nimuulize binti: “Na kama tungevipanga kwa njia nyingine?”

Wakati huohuo, kule Marekani, kulikuwa kumechipuka mkondo mwingine wa upimaji uliojaribu kuepa lugha ya hatua za juu na za chini. Herman Witkin, tangu miaka ya 1940, alikuwa akimkalisha mtu katika chumba cha giza mbele ya fimbo iliyo ndani ya fremu iliyoinamishwa, kisha akimtaka ainyooshe fimbo isimame wima. Wengine huiweka sawa bila kujali fremu. Wengine huifuata fremu, na fimbo hubaki imeinama. Alikuwa pia na picha ndogo zilizofichwa ndani ya picha kubwa, ambazo mtu alitakiwa kuzitafuta. Kutokana na majaribio hayo yeye na wenzake walianza kuzungumzia mitindo ya kufikiri. Kuna mtu huchomoa kitu kutoka katika mazingira yake, na kuna mtu hukiona kitu pamoja na mazingira yake.

Mwaka 1966 John Berry alichapisha ulinganisho wa Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima, na Wainuiti wa kisiwa cha Baffin huko Kanada, ambao ni wawindaji. Wainuiti waliwashinda Watemne kwa mbali katika kutafuta picha zilizofichwa. Berry alieleza kwamba mwindaji anayetembea juu ya theluji isiyo na alama hana budi kuona tofauti ndogo ndogo, na kwamba malezi ya mtoto wa Kiinuiti humwachia uhuru mwingi, ilhali mtoto wa Kitemne hulelewa kwa kufuata na kutii. Maelezo hayo yana uzito, na yametajwa sana tangu hapo. Hata hivyo, kuliita jambo “mtindo” hakuondoi hatari, kwa kuwa katika mtihani ule aliyechomoa picha ndiye aliyepata alama. Hakuna karatasi iliyomtuza aliyeona zima.

Mkasa wa ng'ombe, kuku na nyasi ndio uliofanya ngazi ya Luria itikisike. Mwaka 1972 Liang-Hwang Chiu alichapisha utafiti wa watoto wa Kichina na wa Kimarekani waliotakiwa kuchagua vitu viwili vinavyokwenda pamoja kati ya vitatu. Watoto wa Kimarekani walielekea kuoanisha vitu vya jamii moja, kama ng'ombe na kuku kwa kuwa wote ni wanyama. Watoto wa Kichina walielekea zaidi kuoanisha ng'ombe na nyasi, kwa kuwa ng'ombe hula nyasi. Baadaye Richard Nisbett na wenzake waliona mwelekeo kama huo kwa Wachina waliofika chuo kikuu. Hao hawawezi kuambiwa kwamba hawajaenda shule.

Fuatilieni basi safari ya jibu moja. Uzbekistan, mwaka 1931, jibu la uhusiano liliitwa hatua ya chini. Liberia, wenyewe waliojibu waliliita jibu la mwenye hekima. Lilipotoka kwa Wachina wa chuo kikuu liliitwa mtindo. Shuleni kwangu, mwaka 1986, liliitwa kosa, na likamnyima mtoto somo la fizikia.

Kwa wapenzi wa lugha kuna nyongeza. Mwaka 2004 Li-Jun Ji, Zhiyong Zhang na Nisbett walichapisha utafiti wa Wachina wanaojua Kiingereza. Wale wa China bara na Taiwan walioanisha vitu kwa uhusiano zaidi walipopimwa kwa Kichina, na kidogo mwelekeo huo ukapungua walipopimwa kwa Kiingereza. Ni mtu yuleyule, na maarifa yake ni yaleyale, lakini lugha ya swali imemvuta upande. Mwalimu wa Afrika Mashariki anayepima kwa lugha moja na kufundisha kwa nyingine ana sababu ya kulitafakari jambo hili usiku.

Na Kiswahili chetu je, kinatuvuta upande gani? Nimelichunguza swali hili kwa namna ya mwalimu wa sarufi. Tuchukue mwembe, mchungwa na chungwa. Aniambiaye nichague viwili vinavyokwenda pamoja amenipa mtego mzuri. Kiambishi m- kinasema mwembe na mchungwa ni jamii moja, maana yote ni miti. Mzizi -chungwa unasema mchungwa na chungwa ni kitu na mzaliwa wake. Katika neno “mchungwa” mitindo yote miwili imekaa pamoja bila ugomvi: kiambishi kinapanga kwa aina, mzizi unapanga kwa uhusiano. Mtoto anayeanza kusema Kiswahili akiwa na miaka mitatu hubeba vyote viwili ulimini kabla hajamwona mwalimu yeyote.

Tusogee karibu na nyumbani. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Kiingereza waliwashinda wenzao. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda, maana huko, kama kwetu, watoto hujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga walikaribiana. Hapo hakuna anayeweza kusema ni nani mwenye “uwezo wa maumbo” pasipo kutaja kwanza mkononi mwa mtoto kuna nini. Wazambia wakaendelea hadi kutunga jaribio lao liitwalo Panga Munthu, ambalo mtoto hupewa udongo akaumba mtu. Mswahili hahitaji mkalimani kuliona neno “mtu” humo.

Serpell alichunguza pia neno nzelu la Wachewa wa mashariki mwa Zambia. Neno hilo huunganisha wepesi wa akili na uwajibikaji, yaani mtoto mwepesi wa kufahamu lakini asiyetumwa akatumika hajakamilika nzelu. Kando ya Ziwa Viktoria, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001, Elena Grigorenko na wenzake walikuta Wajaluo wa Kenya wana maneno manne ya uwanja huo: rieko, luoro, winjo na paro. Rieko ni maarifa na ustadi. Luoro ni heshima na adabu. Winjo ni kufahamu yanayotakiwa, na paro ni kuwaza na kuanzisha jambo. Mtihani wa shule hugusa sehemu tu ya rieko. Katika eneo hilohilo la Wajaluo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa dawa za miti shamba. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Huenda sababu ni kwamba muda wa mtoto ni mmoja, na kila familia huchagua uende wapi.

Halafu ikaja Bagamoyo. Mwaka 2002 Sternberg, Grigorenko na wenzao, wakiwamo watafiti wa Kitanzania, walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa shule za huko. Watoto walipewa mafumbo ya mantiki, kazi za kupanga vitu katika makundi, na mchezo wa kubuni jibu kwa kuuliza maswali. Kisha baadhi yao wakafundishwa mbinu za kushughulikia kazi hizo, kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama za waliofundishwa zilipanda. Na zaidi ya kupanda, mpangilio wa watoto ulibadilika, maana waliotangulia mara ya kwanza hawakuwa lazima wale waliotangulia mara ya pili. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Muda usiofika saa moja! Mikondo yangu ilidumu miaka minne.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba fikra ya dubu weupe haina faida. Bila uwezo wa kukubali dhana usiyoiona na kuifuata hadi mwisho hakuna aljebra, hakuna hoja ya wakili, wala hakuna tungo ya kubuni. Ni utanzu wa thamani, na kila mtoto anastahili kufundishwa. Ninachokikataa ni kumpima mtoto katika utanzu asiofundishwa, kisha kuyaita matokeo akili yake. Hiyo ni sawa na kumtegea mtu kitendawili katika ngoma asiyoijua, na akishindwa, badala ya kumwomba mji, kumfukuza mjini.

Wazee wetu walikwisha kulinena kwa ufupi: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na lugha yetu haikukaa na neno moja tu. Tuna akili, busara, hekima, werevu, ujanja, utambuzi na maarifa, na Mswahili haridhiki mpaka asikie lipi linasemwa. Neno “mjinga” nalo lina historia ya kutufunza adabu. Katika kamusi za kale maana zake ni pamoja na mgeni aliyefika karibuni, asiyejua bado mambo ya mahali. Kwa maana hiyo mimi ndiye niliyekuwa mjinga wa chumba kile, mgeni katika fikra za watoto waliokuwa wenyeji wake.

Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi niliongeza mstari mmoja chini ya kila swali la namna hii: “Eleza sababu ya jibu lako.” Alama nilizitoa kwa sababu. Usahihishaji ulinichukua siku tatu badala ya moja, na wenzangu walinitania kwamba nasahihisha insha za hisabati. Lakini katika sababu zile nilisoma mambo ambayo duara peke yake halikuwahi kuniambia.

Nawaomba walimu wanaosoma hapa wafanye hivyo, na nawaomba washairi na wanalugha watuletee maneno ya akili yaliyomo katika lahaja zao na lugha zao za nyumbani, pamoja na maelezo ya nani husifiwa kwa neno lipi. Huenda tukapata bahari nyingine ambazo mizani zake hatujawahi kuzihesabu.

Binti yule simtaji jina. Ningepewa karatasi yake leo ningefuta kosa la swali la tano, nami nikaandika pembeni kwamba swali lilikuwa na upungufu, kwani kweli, katika picha niliyoichora, msumari haukuwapo.